Toleo la Pili la Nyumbani

Mwezi wa Juni 2024 ilitolewa Uingereza albamu iitwayo "Maisha". Wenye albamu hiyo ni wanawake wawili wa Kitanzania, Pendo Zawose na Leah Zawose, ambao wakiwa pamoja hujiita Zawose Queens, yaani Malkia wa ukoo wa Zawose. Ndiyo albamu yao ya kwanza. Pendo ni binti wa marehemu Hukwe Zawose, na Leah ni mjukuu wake. Huimba, hupiga ilimba, zeze na ngoma za muheme. Na kampuni iliyowatolea kazi yao ni Real World, iliyoanzishwa mwaka 1989 na mwanamuziki Peter Gabriel na yenye makao yake katika kijiji cha Box, kusini-magharibi mwa Uingereza.

Nimezitanguliza habari hizi kavukavu kwa kuwa nina hakika kwamba walimu wengi na wanafunzi wengi watakaosoma insha hii hawajapata kuzisikia. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Singida aweza kukutajia kikosi kizima cha timu ya mpira ya Arsenal, pamoja na wachezaji wa akiba, bila kukosea. Hatuna haki ya kumcheka, maana amefundishwa na redio zetu, magazeti yetu na mabanda yetu ya video. Lakini mwanafunzi huyo huyo, hata kama ni mzaliwa wa Manyoni, ukimwuliza ilimba imewekwa nini katika kisanduku chake hata sauti yake ikavuma kama nyuki mzingani, atakutazama kana kwamba umemwuliza habari za mwezini. (Kisanduku hutobolewa tundu, na tundu huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Utando ule hutetemeka kila ulimi wa chuma unapoguswa. Mafundi walioligundua jambo hili hawakusoma fizikia ya kidato cha nne.)

Wala asiseme mtu kwamba mambo ya Wagogo ni ya Dodoma, na sisi wa Singida hayatuhusu. Ukipanda treni ya Reli ya Kati kutoka Dodoma, ukaipita Bahi, ukafika Kintinku, umekwisha ingia Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, na salamu utakazozisikia pale kituoni ni zile zile ulizoziacha nyuma. Mpaka wa mkoa uliwekwa kwa ajili ya utawala, ngoma haikuulizwa. Na kama ingekuwa kweli kwamba Wagogo wote wako upande wa pili wa mpaka, bado ningeandika haya niyaandikayo, kwa kuwa yanayowapata Wagogo yanawapata pia Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu na Wakimbu. Tena kwa hao yamezidi, maana wao hawajampata hata mgeni wa kuwatolea albamu.

Tangu "Maisha" itoke, nimewasikia watu wa namna mbili wakiisema, na wote wawili wamenichosha. Wa kwanza ni wenye kushangilia. Husema Uingereza imeutambua utamaduni wetu, na kwamba sasa muheme ni muziki wa dunia. Maneno haya ni kasumba iliyovaa nguo mpya. Muheme ulikuwa muziki wa dunia tangu siku ile mama wa kwanza wa Kigogo alipoibana ngoma katikati ya mapaja yake akaipiga. Au Ugogo uko nje ya dunia? Mtu anayengoja mizani ya London ndipo ajue uzito wa mali ya mama yake ana ugonjwa ambao Uhuru wa mwaka 1961 haukuuponya.

Wa pili ni wenye kulia kwamba tumeibiwa. Kwa hawa nasema wapunguze machozi. Kitu kilichoachwa nje ya nyumba, juani na mvuani, miaka nenda miaka rudi, akija mpita njia akakiokota, akakipangusa vumbi, akaandika juu yake jina la mwenyewe, huyo si mwizi. Pendo na Leah ni watu wazima, ni mafundi wa sanaa yao, nao walitafuta njia ya kuifikisha kazi yao kwa wasikilizaji. Njia waliyoikuta wazi ndiyo waliyoipita. Nani miongoni mwetu aliwafungulia nyingine wakaikataa?

Basi tuitazame njia yenyewe, maana ni ya siku nyingi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makao yake Afrika ya Kusini, alisafiri Tanganyika na mitambo yake ya kunasia sauti, akarekodi nyimbo na ala za makabila mbalimbali, Wagogo wakiwamo. Kazi yake imehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Grahamstown, ambao sasa unaitwa Makhanda. Mtanzania atakaye kuzisikia sauti za babu zake wa mwaka ule hana budi kubisha hodi kwa wenyewe huko.

Yale yalikuwa ya ukoloni. Tusiyatolee udhuru wala tusiyatolee hasira. Uhuru ulikuja, na mwezi wa Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, akilihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika wazi kwamba wasomi wa siku zile walijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za kwao. Na tendo lilifuata neno. Hukwe Zawose, kijana aliyelelewa katika machunga ya ng'ombe mkoani Dodoma, aliitwa Dar es Salaam kwa wito wa Mwalimu mwenyewe, akaajiriwa apige zeze na ilimba kwa jina la taifa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, akawa miongoni mwa walimu wake. Hapa serikali ilifanya jambo la heshima, na asiyelikiri ni mkosefu wa shukrani. Zilikuwapo nchi tajiri kuliko yetu ambazo hazikumfikiria mchunga ng'ombe kuwa ni mwalimu wa chuo.

Lakini tulipokwisha mlisha msanii na kumvika, tuliisahau sauti yake. Mwaka 1985 Hukwe Zawose na wenzake walitoa santuri. Iliitwa "Tanzania Yetu". Nawaomba walimu waliandike jina hilo ubaoni, halafu chini yake waandike jina la kampuni iliyoitoa: Triple Earth, London. "Tanzania Yetu" imetoka London! Kisha mwaka 1996 ikaja "Chibite", na mwaka 2002 ikaja "Assembly", aliyoifanya pamoja na mpiga gitaa Michael Brook. Zote mbili ni za kampuni ile ile ya Box. Mzee Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Na sasa binti na mjukuu wamepita pale pale alipopita baba. Kutoka 1985 hadi 2024 ni miaka 39. Mtoto aliyezaliwa mwaka ile santuri ya kwanza ilipotoka sasa ni mtu mzima mwenye watoto sekondari, na bado hatujaitengeneza njia ya pili.

Wako watakaojibu kwamba tulikuwa maskini. Ni kweli tulikuwa maskini, na hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zetu zilizotaka santuri zilitegemea Nairobi. Lakini umaskini huo haukuizuia Redio Tanzania Dar es Salaam kufanya kazi ambayo matajiri wengi hawakuifanya. Watumishi wake walirekodi bendi, kwaya, taarab na ngoma za mikoani kwa maelfu ya nyimbo. Kasoro haikuwa katika kurekodi. Nyimbo zilirekodiwa, zikatangazwa hewani, kisha mikanda ikarudishwa rafuni. Mwananchi alisikia ngoma ya kwao saa fulani ya siku fulani, na akikosa saa hiyo amekosa. Hakuwa na cha kununua, hakuwa na cha kuazima maktabani, na mwalimu hakuwa na cha kupeleka darasani. Kitabu cha hesabu kingesomwa hewani mara moja halafu kikafungiwa kabatini, nani angefaulu hesabu?

Hebu tutazame upande wa pili, si kwa kuwaonea wenzetu wivu, bali tujue wanachokifanya. Mji wa Hull ni bandari ya wavuvi mashariki mwa Uingereza, mbali na fahari ya London. Kwa wenyewe ni mkoani, kama tulivyo sisi mkoani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha mji huo, Tracey Thorn na Ben Watt, waliunda kikundi cha watu wawili kilichoitwa Everything But The Girl, na mwaka 1984 wakatoa albamu yao ya kwanza, "Eden". Sizungumzii uzuri wake. Ni nyimbo za upole za mapenzi na huzuni, na kila mtu ana masikio yake. Nazungumzia yaliyoizunguka. Tangu miaka ya 1970 zilikuwapo Uingereza kampuni ndogo ndogo za santuri, nyingine zilizoanzia katika duka tu, ambazo kazi yao ilikuwa kuwatoa vijana wasiojulikana. Redio ya taifa ilikuwa na vipindi vya kuwasikiliza vijana hao. Maktaba yao ya taifa ina hazina ya sauti, ambamo santuri huwekwa kama vitabu vinavyowekwa. Leo, miaka 40 na zaidi baadaye, kijana wa Hull akitaka kujua waliomtangulia waliimba nini, hasafiri kwenda nchi ya watu.

Vijana wawili wa Hull walikuta nyumba imekwisha jengwa. Wanawake wawili wa ukoo wa Zawose, wenye ufundi waliourithi kwa vizazi, walikuta uwanja mtupu. Sasa mwenye akili na apime, tofauti iko katika vipaji au katika nyumba?

Na sisi hatukukosa fedha za ngoma. Hilo nalisema kwa sauti. Kwa kazi yangu nimeyaona makaratasi ya makisio ya sherehe nyingi. Hema limo, viti vimo, mafuta ya magari yamo, chakula cha wageni kimo, kodi ya vipaza sauti imo. Ngoma nayo imo, mstari wa mwisho, na mbele yake imeandikwa: nauli na soda. Mabibi waliopakiwa kwenye lori tangu alfajiri, wakapiga muheme juani hadi mgeni rasmi afike, na mgeni rasmi hufika saa nane, hurudishwa kwao jioni na chupa moja ya soda kila mmoja. Kijana aliyekodisha vipaza sauti analipwa fedha taslimu kabla hajaviteremsha. Jambo hili halikuletwa na Mwingereza. Tumeifanya ngoma kuwa pambo la kupokelea wageni, kama mabendera, na pambo halilipwi. Hata katika mashindano ya shule tumeingiza desturi hiyo: kikundi kinapewa dakika chache, na wimbo uliodumu vizazi vitatu unavuliwa maneno yake ili kumpisha mgeni wa siku hiyo asifiwe. Mwanafunzi anayejifunza muheme kwa njia hii anajifunza kupiga makofi tu.

Nitarudi kwenye santuri kwa kupitia ushairi, maana huko ndiko kwangu. Shaaban Robert, mshairi wetu mkuu, mtu wa Tanga, hakuchapwa kwanza Tanganyika. "Pambo la Lugha" lilichapwa Johannesburg, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, katika nchi ambayo wakati ule mtu mweusi hakuruhusiwa kuketi benchi moja na mweupe. Vitabu vyake vingine vilichapwa na makampuni ya Waingereza. Je, tuliona haya? Tulifanya lililo bora kuliko kuona haya. Tulimweka katika muhtasari wa masomo, wahakiki wetu wakamwandikia, na wachapaji wa Dar es Salaam wakamchapa upya. Leo mwanafunzi wa Itigi anaweza kumsoma Shaaban Robert wala asijue kwamba kitabu kiliwahi kuwa cha Johannesburg. Basi toleo la kwanza kuwa la ugenini si msiba. Msiba ni pale toleo la pili la nyumbani linapokosekana, na katika muziki ndipo tulipo. "Tanzania Yetu" haikupata toleo la nyumbani lililofika mashuleni. "Chibite" haikupata. "Maisha" nayo, tukikaa kama tulivyokaa, haitapata.

Kuna mwalimu mmoja mzee, rafiki yangu, ambaye huwa hakubaliani nami katika hili. Husema albamu hii isipelekwe mashuleni kwa sababu si asilia: ndani yake mmetiwa mitambo ya umeme ya watayarishaji wa Kiingereza, na muheme wa kweli hauna umeme. Hoja yake ina heshima kwa kuwa inatokana na mapenzi, lakini haisimami. Hukwe Zawose mwenyewe hakuipokea ilimba akaiacha kama alivyoipokea. Aliiongezea ndimi za chuma, na zeze akaliongezea nyuzi, hata ala zake zikawa kubwa kuliko za waliomfundisha. Ninachotaka mimi ni wanafunzi wajue kitu kilianzaje, ndipo waamue wenyewe kama umeme umekifaa au umekiharibu. Mwanafunzi asiyepata kuusikia muheme wa Kintinku atajuaje kilichoongezwa na watayarishaji? Hoja ya asili ndiyo inayodai zaidi kwamba tuwe na hazina yetu ya sauti.

Tena mwalimu huyo hasemi jambo moja ambalo wanafunzi wa kike watalisema. Katika desturi, zeze na ilimba zilikuwa mikononi mwa wanaume, na mwanamke alikuwa na ngoma yake ya muheme na nafasi yake ya kuitikia. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo wa Zawose waliimba nyuma ya wanaume. Sasa wawili wamesimama mbele, na zeze wamelishika wenyewe. Badiliko hili halikutiwa na mtambo wowote wa umeme, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote yaliyomo katika albamu hiyo. Kama liko somo la utamaduni linalobadilika kwa mikono ya wenyewe, ni hili, na tunaliacha lifundishwe Uingereza.

Vijana nao wana jibu lao: kila kitu kimo katika simu, mzee, huhitaji hazina wala maktaba. Ndiyo, "Maisha" imo katika simu, kwa mwenye simu na mwenye fedha ya bando. Lakini simu haizalishi sauti. Hutoa kile ambacho mtu fulani alikirekodi, akakipakia, akakiandika jina. Wazawose wamo kwa sababu kampuni ya Box iliwaweka. Tafuteni humo nyimbo za kuvuna uwele za Wanyiramba, zikiwa na jina la mwimbaji, kijiji na mwaka, mniambie mmepata ngapi. Na mabibi wazijuao hawatutakawii.

Ninachokidai si kiwanda, wala sidai mamilioni. Sheria ya Baraza la Sanaa tunayo tangu 1984, Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu 1999, na Shirika la Utangazaji limeirithi mikanda ya Redio Tanzania. Kila achapaye kitabu hapa nchini hudaiwa nakala na Maktaba ya Taifa. Nataka Wizara iende kwa Pendo na Leah Zawose na kwa kampuni yao, ipatane nao kwa malipo ya haki, tupate ruhusa ya toleo la shule la "Maisha", maneno ya nyimbo yakiwa yameandikwa kwa lugha yake na kwa tafsiri ya Kiswahili, na ala zikiwa zimeelezwa. Nataka "Tanzania Yetu" irudishwe kwa njia hiyo hiyo. Nataka mikanda ya ngoma iliyoko Dar es Salaam ipewe orodha ambayo mwalimu wa Manyoni anaweza kuisoma akaagiza nakala. Na katika makisio ya kila sherehe, ule mstari wa mwisho ufutwe uandikwe upya, ngoma ilipwe kama vipaza sauti vinavyolipwa, siku ile ile, mkononi mwa wapigaji.

Walimu hawana haja ya kungoja Wizara katika moja. Shule nyingi za Manyoni, Itigi, Ikungi, Iramba na Mkalama hazikosi mwalimu mwenye simu yenye kunasa sauti. Wanafunzi wa kidato cha pili, wakati wa likizo ya Juni, baada ya mavuno, waende kwa bibi zao, waombe ruhusa kwanza, wanase nyimbo, na kwa kila wimbo waandike katika daftari nani ameimba, amezaliwa wapi, amejifunza kwa nani, na wimbo ulikuwa wa kazi gani. Daftari hilo likae katika maktaba ya shule, na nakala ya sauti apewe bibi mwenyewe.